Msoma Mita Aapishwa

Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, Hagåtña,
tulisimama watano mbele ya jaji,
mikono ya kulia juu kama watu walioonyeshwa bunduki:
mimi, Anacleto Mesngon, msoma mita za maji mwaka wa kumi na tisa;
Eufrasia Naputi wa idara ya kukamata mbwa;
karani wa misitu asiyeinua sauti hata simu ikikatika;
na vijana wawili wa barabara, lami ingali kwenye kucha.

Mashali wa kweli hawatoshi, tuliambiwa.
Bajeti imekauka, hati za wito zimegusa dari.
Serikali ikajipapasa mifukoni
ikatukuta sisi, chenji yake.

"Bila woga wala upendeleo," alisoma jaji,
nasi tukafuatisha, kila mtu na kasi yake,
hata neno upendeleo
likafika mwisho limevunjika vipande vitano.

Naibu Mashali Maalumu wa Mahakama.
Cheo kirefu kuliko mkono wa shati langu.
Mshahara ule ule.
Nyongeza: beji, bunda la hati lililofungwa kwa raba,
na karatasi ya kukiri kwamba sina silaha.
Mwisho wa cheo: tarehe thelathini Septemba.

Kwa nini mimi? Sikuuliza. Nilijua.
Nayajua malango yote ya kusini,
lipi lina kufuli la kutishia, lipi limefungwa kwa kamba ya viatu.
Namjua mbwa anayebweka kwa ada
na yule anayebweka kwa nia.
Najua nyumba iliyohamwa ambayo maji bado yanapita usiku,
na nyumba yenye watu ambayo mita imelala.
Miaka yote nilizihesabu siri hizi kwa galoni.
Sasa zinatakiwa kwa majina.

Hati ya kwanza ilipokewa na kijana aliyekuwa anapaka rangi mtumbwi.
Akaifuta brashi kwa hati hiyo hiyo.
Nikaandika: imefikishwa.

Ya pili, Inalåhan.
Duka la vifaa vya ujenzi dhidi ya Eulalia Quichocho,
bati ishirini na nne, misumari, riba.
Bati zenyewe nilizijua. Nilizishika ncha moja
wiki ile baada ya kimbunga, yeye akishika ngazi
na kunifokea nisikanyage mipilipili yake.

Alinisikia langoni. "Mwezi huu nimetumia kidogo," akasema,
"hata nguo nimefulia ya mvua."
Nikamnyoshea karatasi.
Akaitazama beji kwanza.
"Umekuwa polisi?"
"Hapana, Nåna."
"Umekuwa nani basi?"

Mjumbe hauawi, husema watu.
Hawasemi afanye nini akivutiwa kiti,
akiwekewa tambuu na chokaa kwenye kisahani,
na mwenye nyumba anatafuta miwani.

Alisoma kila mstari, kidole kikitangulia.
Alipofika kwenye jina lake akatulia hapo,
kama mtu aliyekutana na jirani mahali pasipotarajiwa.
Kisha akatia sahihi, hati ya mkono nzuri,
ya shule ya masista, mkia wa Q umekunjwa kwa subira.
"Siku ishirini za kujibu," nikasema.
"Kujibu nini? Bati si hizo hapo juu?"

Nilikuwa nimeshika lango aliponiita.
"Maadamu umekuja, si usome na mita?"

Nikapiga magoti kando ya ukuta.
Nikafuta udongo kwenye kioo kwa kidole gumba,
beji ikining'inia, ikigonga bomba,
tik, tik, mpaka nikaibana kwa kidevu.
Tarakimu zilikuwa zimesogea kidogo mno.
Nikaziandika zilivyo. Niliapa, mara mbili sasa,
kwa waajiri wawili wenye mlipaji mmoja.

Nilipoinuka, mbwa wake mzee,
ambaye kwa miaka kumi na tisa alinibwekea kwa ada,
alikuwa amesimama katikati ya njia,
kimya,
masikio nyuma.